Kabla Uweke Filta ya Nje kwa Giaboksi Yako, Soma Hii

Wasee, hii wiki nimetumiwa video moja na watu kama kumi. Fundi ameshika kitu kidogo cheusi kama kikopo, anakata paipu inayotoka kwa giaboksi, anakifunga hapo katikati, halafu anaangalia kamera na kusema gari ya oto ikishawekwa hii filta ya nje, giaboksi haikufi tena. Na nyote mnaniuliza kitu kimoja: niweke ama niache?

Jibu langu ni refu kidogo, juu hiyo filta ishawahi kula pesa ya nyumba yetu. Lakini sai tunavyoongea, gari ya brathe yangu iko nayo, na mimi ndiye nilimwambia aiweke. Kwa hivyo sitakuambia ni takataka, na sitakuambia ni miujiza. Wacha nikupe stori kwanza.

Brathe yangu mkubwa hubeba nyanya na sukuma kutoka Naivasha hadi Marikiti. Gari ni Probox ya oto, gia nne, alinunua mkono wa pili na mkopo wa sacco. Anatoka saa tisa usiku, amejaza mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Anapanda mlima wa Mai Mahiu pole pole hadi Limuru, halafu asubuhi anapokelewa na jam ya Waiyaki Way. Ukitaka kuchosha giaboksi ya oto, fanya hivyo tu: mzigo, mlima na jam. Zote tatu zinaleta joto, na hakuna kitu kinaharibu oili ya giaboksi kama joto.

Ikafika siku gari ikaanza kuchelewa kushika. Unaweka D, unahesabu moja, mbili, ndiyo inasonga. Brathe akaipeleka gereji moja ya mtaani. Fundi akachomoa dipstiki, akanusa oili, akatikisa kichwa.

"Bosi, oili iko na uchafu. Nikuwekee filta ya nje, itajisafisha yenyewe pole pole."

"Si ni afadhali tumwage tuweke mpya?"

"Ukimwaga oili ya zamani, giaboksi inakufa. Wewe weka filta tu."

Bei ilikuwa 1,500 pamoja na kazi. Oili mpya ingemgharimu mara kadhaa ya hiyo. Sasa wewe ungefanya nini? Brathe akalipa.

Kitu alichofungiwa ilikuwa filta ya petroli. Ile ya plastiki unaona ndani. Na ikaunganishwa na kipande cha mpira ambacho mpaka leo sijui kilitengenezwa kubeba nini. Ilidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, katikati ya mlima, mpira ukachomoka. Brathe anasema aliona moshi kwa kioo cha pembeni akadhani ni wa lori. Kuja kushtuka, injini inanguruma na gari haisongi. Oili ilikuwa imemwagika yote kwa lami na giaboksi ilikuwa imejiunguza ikiwa kavu.

Nyanya zilihamishiwa gari ya msee mwingine, kwa bei aliyotaka huyo msee. Giaboksi nyingine ya kutoka Japani ikamlia 48,000, kazi 9,000, na wiki mbili hakuna kuingiza shilingi wakati sacco haingoji mtu. Mathe akatoa pesa aliyokuwa ameweka ya karo, na mdogo wetu akarudi shule akiwa amechelewa wiki nzima. Hiyo ndiyo bei ya filta ya 1,500.

Baada ya hapo nikasema lazima nielewe hiki kitu. Nimesoma, nimekaa na mafundi wa giaboksi, nimeshika uchafu na vidole. Sasa sikia.

Kwa gari ya manyuali, mguu wako ndio unafinya klachi. Kwa oto, kazi hiyo inafanywa na oili. Kuna pampu inavuta oili kutoka kwa sampu, hapo chini, na kuisukuma kwa presha ndani ya vijia vyembamba. Vali zinafunguka na kujifunga, na hiyo presha ndiyo inabana klachi pleti ili gia ishike. Oili hiyo hiyo inalainisha vyuma visisagane, inabeba joto kulitoa nje, na ndani ya tokikonvata ndiyo inapokea nguvu ya injini na kuipitisha. Ndiyo maana oili ya oto ikiharibika, huoni tu kelele kama kwa manyuali. Gari yenyewe inakataa kwenda.

Klachi pleti zikitumika zinaisha kidogo kidogo na kuacha vumbi jeusi. Gia na beringi zinaacha unga wa chuma. Chini kwa sampu kuna sumaku ndogo za kushika huo unga, lakini sumaku haishiki vumbi la klachi, wala alumini, wala shaba. Kuna pia filta ya ndani. Shida ya filta ya ndani ni mahali inakaa: iko kabla ya pampu, upande wa kuvuta. Ikiwekwa matundu madogo sana, pampu inakosa oili, kama mtu anakunywa uji mzito na mrija wa soda. Kwa hivyo waliotengeneza wanaiacha na matundu makubwa kiasi. Kwa Toyota nyingi ndogo za gia nne ni wavu wa chuma tu. Vipande vikubwa vinashikwa, ule unga mwembamba unapita, unaenda kukwaruza vali na kusumbua solenoidi.

Filta ya nje inawekwa mahali tofauti. Oili ikishafanya kazi, inatumwa kwa radieta kupozwa halafu inarudi. Kwa hiyo njia oili inasukumwa, haivutwi, kwa hivyo unaweza kuweka filta ya matundu madogo zaidi, na sumaku ndani yake. Oili ikizunguka, kila mzunguko inaacha uchafu kidogo.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema: kama ni muhimu hivyo, mbona kiwanda hakikuweka? Swali poa. Jibu ni kwamba viwanda vingine viliweka. Zile Subaru za oto za gia nne za mwisho wa miaka ya 90 na mwanzo wa 2000, nyingi zina filta ya nje ya kufungua kwa kuzungusha, inafanana kabisa na filta ya oili ya injini. Kuna wasee wameziendesha miaka mitano na hawajui iko hapo. Honda waliweka filta ndogo kwa njia ya kupoza oili kwa baadhi ya gari zao. Giaboksi ya Allison 1000, ile ya malori na vani kubwa, inakuja na filta ya nje kutoka kiwandani. Kwa hivyo wazo lenyewe si la jua kali. Kilicho cha jua kali ni venye tunalifanya.

Na kuna kitu kingine. Kiwanda kilitengeneza gari kikimwaza mtu wa kwanza kuinunua. Sisi hapa Kenya ni wa pili, wa tatu, wakati mwingine wa tano. Sheria yetu inakubali gari ya mtumba ambayo haijazidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na nyingi zinafika zikiwa zimekaribia hiyo miaka 8. Halafu tunaziendesha miaka mingine kumi. Ukiinunua hapa kwa yadi, nani anakuambia oili ya giaboksi ilibadilishwa lini? Kilomita zenyewe huna uhakika nazo. Umenunua kitu ambacho hakuna anayejua historia yake, na hicho kitu ndicho kinaamua kama wewe utaenda kazi Jumatatu.

Hapa ndipo msimamo wangu uko. Faida kubwa ya filta ya nje kwetu si hata kusafisha. Ni kwamba unaweza kuitoa, kuipasua, na kuona giaboksi yako inasema nini ikiwa bado inatembea. Filta ya ndani iko nyuma ya sampu na gaskiti, na kwa giaboksi zingine huwezi kuifikia bila kufungua giaboksi yote. Hii ya nje unaitoa kwa dakika chache. Ni kama kupimwa damu. Kupimwa damu hakukuponyi, lakini kunakuambia mapema, wakati bado una njia za kuchagua.

Ukiipasua, mwaga kilichomo kwa karatasi nyeupe na uangalie. Uji mwembamba wa kijivu umeshikwa na sumaku? Hiyo ni kawaida, vyuma vinazeeka kama sisi wote. Vumbi jeusi jingi, nyuzinyuzi? Klachi pleti zinaisha, anza kuweka akiba. Vimetameta vya manjano kama vya shaba? Bushi ama washa za ndani zinalika. Vipande vigumu vya chuma, vile unasikia kwa kidole? Simamisha gari, tafuta fundi wa giaboksi, usingoje mwisho wa mwezi. Na kama oili yenyewe ina rangi ya maziwa ya stroberi, hiyo ni maji ya radieta yameingia kwa giaboksi. Hapo filta haina lake, ni radieta inataka kubadilishwa leo, si kesho.

Sasa vitu ambavyo filta haitafanya, haijalishi fundi ameongea kwa utamu gani. Haitarudisha klachi pleti iliyoisha. Haitatengeneza oili iliyoungua, juu oili iliyoungua imeharibika yenyewe, si uchafu tu umeingia. Ukiinusa na inanuka kama kitu kimeungua, hata ukiipitisha kwa filta mia itabaki oili iliyoungua. Na haitapunguza joto la kupanda mlima na mzigo. Giaboksi ya brathe ilikuwa tayari inachelewa kushika. Ilikuwa mgonjwa. Hata kama ile filta ingekuwa ya ukweli, ilikuwa imeitwa kufanya kazi ambayo si yake.

Na ile kauli ya "ukimwaga oili ya zamani giaboksi inakufa"? Nitaisema kwa heshima kwa mafundi wangu, juu ina mbegu ya ukweli. Kuna giaboksi ilibadilishwa oili Jumamosi na Jumanne ikakataa. Lakini hiyo mara nyingi ilikuwa inakufa tayari, klachi zimeisha, na mwenyewe alikumbuka oili alipoanza kusikia shida. Oili imelaumiwa kwa kosa la miaka. Kuna pia waliowekewa oili isiyo yao. Oili ya oto ya kawaida kuingia kwa CVT ni kesi ya mauaji, na hata ndani ya CVT, Nissan moja inataka NS-2 na nyingine NS-3. Soma kitabu cha gari, ama maandishi yaliyo kwa dipstiki, usisome midomo.

Kwa hivyo kama una doh ya kitu kimoja tu, nunua oili sahihi. Sijali video imekuambia nini. Oili kwanza. Ukimwaga kwa nati ya chini, inatoka karibu theluthi moja hadi nusu tu, nyingine inabaki ndani ya tokikonvata. Wasee wengi wanaona hivyo ni hasara. Mimi naona ni njia ya upole: mwaga, jaza, tembea wiki kadhaa, rudia mara mbili au tatu. Kwa kazi ngumu kama ya brathe, sisi tunabadilisha kila kilomita 40,000, na hatutaki kusikia stori za oili ya maisha yote. Maisha ya nani? Ya gari ama ya mwenye gari wa kwanza?

Kama oili iko sawa na bado umebaki na kitu mfukoni, basi filta ya nje ina maana. Na kuna wakati mmoja ambapo mimi naona ni lazima: ukibadilisha giaboksi. Giaboksi ikifa, uchafu wake haubaki ndani yake peke yake. Unasukumwa hadi kwa radieta na kwa paipu, unakaa huko. Unafunga giaboksi nyingine, unawasha, na kitu cha kwanza inachokunywa ni maiti ya ile ya kwanza. Safisha hiyo njia yote, ama badilisha, na uweke filta kabla oili haijarudi kwa giaboksi.

Ukiamua kuweka, simama hapo fundi akifanya na uangalie haya.

Iwe filta ya oili ya giaboksi, si ya petroli, si ya dizeli. Iwe na vali ya dharura ndani, ili siku ikiziba oili ipite bila kuchujwa badala ya kukwama. Hii si kitu kidogo, juu kwa giaboksi nyingi oili inayorudi kutoka kwa radieta ndiyo inaenda kulainisha vyuma vya ndani. Ukiziba hapo, umeinyima maji ikiwa jangwani.

Ifungwe kwa paipu ya kurudi, ile oili inatoka radieta ikielekea giaboksi. Na filta ina mshale. Mshale uelekee giaboksi. Nimeona imefungwa kinyume, mwenyewe anatembea nayo akijisifu.

Paipu ya mpira iwe ya oili moto ya giaboksi. Si ya petroli, si ya maji. Klipu nzuri pande zote, zimekazwa bila kukata mpira. Ikae mbali na ekzosi na mbali na tairi, juu oili ya giaboksi ikimwagikia ekzosi moto inaweza kushika moto. Filta yenyewe ifungwe kwa kitu, isining'inie kama hereni.

Halafu pima oili tena. Filta na paipu mpya zinabeba oili kidogo, kwa hivyo ndani itakuwa imepungua. Kwa gari zenye dipstiki kama hiyo Probox, unapima injini ikiwa imewaka na giaboksi imeshapata moto. Tembea kilomita chache, rudi, lala chini ya gari na tochi. Kesho yake lala tena.

Na watu wa CVT, hapa ndipo nawaomba mtulie. Gari nyingi za sasa hazina hata paipu ya mpira ya kukata, kipoza oili kimefungwa juu ya giaboksi yenyewe. Fundi akianza kutafuta pa kutoboa, chukua ufunguo wako uende nyumbani. Na baadhi ya CVT za Nissan tayari zina filta mbili za kiwanda: moja ndani ya sampu, na nyingine ndogo ya karatasi karibu na kipoza oili. Hiyo ya pili, nimekutana na mafundi wazuri tu ambao hawajawahi kuitoa. Kabla uongeze filta ya tatu, si ubadilishe kwanza hizo ambazo ulilipia na gari?

Hiyo ndiyo inanisumbua kuhusu hii biashara yote. Sisi tunapenda kuongeza. Ongeza filta, ongeza dawa ya chupa, ongeza stika. Kile kitu cha kuchosha, cha kumwaga oili kwa wakati na kuandika kilomita kwa daftari, hakuna anayekitaka, juu hakina video. Na fundi anajua hivyo. Akikuambia unahitaji oili ya 8,000 unamkimbia. Akikuambia kuna kitu cha 1,500 kitafanya oili isibadilishwe, unamkumbatia. Siwezi kumlaumu yeye peke yake. Brathe mwenyewe alikubali siku hiyo kwa sababu alitaka kusikia hivyo.

Giaboksi ya pili ya Probox tuliifunga na mafundi wengine. Njia ya kupoza oili ikaoshwa, filta ya ukweli ikawekwa kwa paipu ya kurudi, oili mpya ikaingia. Filta yenyewe ilikuwa 3,500. Baada ya kilomita 5,000 tukaitoa, nikaipasua na msumeno wa chuma hapo nje kwa mathe, tukamwaga kwa gazeti. Ilikuwa nyeusi tititi, na vipande vidogo vinang'aa. Brathe akanyamaza kabisa, akajua giaboksi mpya nayo imeshaanza. Lakini gari ilikuwa inashika poa, haichelewi, oili ni nyekundu na haina harufu. Fundi akaangalia, akasema huo ni uchafu wa ile ya kwanza, uliobaki kwa radieta hata baada ya kuosha. Tukafunga nyingine, tukangoja tena.

Filta ya pili ilikuwa na uji mwembamba wa kijivu kwa sumaku. Basi. Brathe aliishika akaigeuza geuza kwa mwanga, akafunga lile gazeti, akaandika tarehe na kilomita juu yake, akaliweka kwa boksi la vifaa nyuma ya kiti. Saa tisa usiku akaenda Naivasha.

Kwa hivyo niweke ama niache? Kwanza nenda kafungue boneti, uchomoe dipstiki kama iko, unuse. Halafu ujiulize oili hiyo ilibadilishwa lini. Kama hujui jibu, hapo ndipo pesa yako ya kwanza inaenda. Filta itangoja.